Mashine Imeandika Saa Gani? Namna ya Kuchagua Hesabu za Mvua na Baridi

Siku hizi katika sehemu nyingi za nchi yetu zimesimamishwa mashine zinazopima mvua, joto, upepo na unyevu wa hewa bila mtu kuzigusa. Utaziona katika viwanja vya shule, karibu na mashamba ya chai na ya maua, na pengine katika shamba la mkulima wa kawaida ambaye kikundi chake kimechanga fedha na kununua moja. Ni mlingoti wa chuma, paneli ndogo ya sola, na kisanduku kilichofungwa. Ndani ya kisanduku hicho mna kifaa kiitwacho dataloga. Kazi yake ni moja tu: kila baada ya dakika chache huandika tarehe, saa, na hesabu ya kila kipimo, kisha hungoja na kuandika tena. Hakilali, hakiendi sokoni, wala hakisahau Jumapili kama tunavyosahau sisi tunaosoma kipimo cha mvua cha chupa.

Taabu huanza siku ya kuzisoma hesabu zenyewe. Dataloga inayoandika kila baada ya dakika 5 huandika mistari 288 kwa siku moja, mistari 8,640 kwa mwezi wa siku 30, na mistari 105,120 kwa mwaka. Mkulima hataki mistari laki moja. Ataka kujua mvua iliyonyesha tangu siku aliyopanda, ni usiku gani baridi ilishuka mpaka kuunguza majani, na kama ile mvua ya juzi yatosha kupalilia na kutia mbolea. Majibu yote yamo ndani ya mistari hiyo, lakini hana budi kuyachagua. Programu ya kompyuta huifanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana, ila programu hufanya lile uliloiagiza, si lile ulilokusudia.

Watu wengi wanapofungua faili ya dataloga hukimbilia hesabu za mvua na joto. Twashauri uanze na safu ya kwanza, ile ya tarehe na saa.

SAA MOJA YENYE MAJINA MATATU

Tazama jambo hili. Sisi husema saa tatu asubuhi. Saa ya mashine iliyowekwa kwa wakati wa Kenya huandika 09:00. Lakini mashine nyingi hutoka kiwandani zikifuata wakati wa ulimwengu, ambao ni nyuma ya wakati wetu kwa saa 3, nazo huandika 06:00. Basi dakika ile ile moja ina majina matatu: tatu, tisa na sita. Mkulima akisema kwa simu kwamba mvua ilianza saa tatu, na karani akatafuta 03:00 katika kompyuta, hawataonana kamwe.

Hasara yake si ndogo. Jalidi, yaani umande unaoganda juu ya majani, huja wakati wa kupambazuka, kwa kawaida kabla kidogo ya jua kutoka au mara tu linapochomoza. Katika saa za Kenya wakati huo ni kama 06:00 hivi. Kama mashine yafuata wakati wa ulimwengu, baridi hiyo imeandikwa 03:00. Sasa mtu akiamuru programu imwonyeshe mistari ya kutoka 04:00 mpaka 07:00, ataletewa hesabu za saa moja mpaka saa nne asubuhi kwa saa zetu, jua likiwa limekwisha panda. Ataona nyuzi 9, nyuzi 12, nyuzi 15, na kusema kwamba hapakuwa na jalidi, hali majani ya viazi yamekwisha kuwa meusi.

Utajuaje mashine yako yafuata saa gani? Kitabu chake huenda kikasema, lakini kuna shahidi mwingine aliye bora kuliko kitabu, naye ni jua. Katika Kenya jua hutoka karibu wakati ule ule mwaka mzima, kati ya 05:50 na 06:55 hivi, kwa sababu tuko kwenye ikweta. Kama mashine yako hupima mwanga wa jua, tazama hesabu ya mwanga huanza kupanda kutoka sifuri katika mstari gani. Ikianza karibu na 06:30, saa ni ya Kenya. Ikianza karibu na 03:30, saa ni ya ulimwengu. Ikianza karibu na 18:30, aliyeiweka alichanganya asubuhi na jioni. Na ikianza karibu na 12:30, basi aliyeiweka aliitazama saa ya mkononi akaitamka kwa Kiswahili, kisha akaandika alivyotamka! Kama mashine haipimi mwanga, tazama joto: hesabu ya chini kabisa ya siku isiyo na mawingu huwa karibu na mapambazuko.

Jambo jingine ni betri. Betri ya saa ikifa na kutiwa mpya, mashine nyingine hurudi mwanzo na kuandika mwaka 2000 au 1970. Ukipanga mistari kwa tarehe, mistari hiyo yote hukusanyika juu kabisa, na mtu asiyejua huifuta. Usiifute. Hesabu zake ni za kweli, ila tarehe ndiyo ya uongo, na mara nyingi yaweza kusahihishwa kama uliandika katika daftari siku na saa uliyobadilisha betri.

SIKU YA MVUA SI SIKU YA KALENDA

Msomaji wa kipimo cha chupa hukisoma kila siku saa tatu asubuhi, yaani 09:00. Hiyo ndiyo desturi ya vituo vya mvua nchini, na kwa sababu hii siku ya mvua huanza saa tatu asubuhi na kwisha saa tatu ya kesho yake. Kompyuta haijui desturi hii. Siku yake huanza usiku wa manane, 00:00.

Tuseme mvua ilianza Jumanne saa nne usiku ikaisha saa nane usiku. Kompyuta itasema milimita 14 Jumanne na milimita 17 Jumatano. Mwenye chupa atasema milimita 31. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya jambo hili kana kwamba mmoja wao ni mwizi, na wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Dawa yake ni kuiambia programu ihesabu siku kama tunavyohesabu sisi. Katika programu ya jedwali, kama vile Excel au LibreOffice Calc, siku nzima ni 1, kwa hiyo saa 06:00 ni 0.25 na saa 12:00 ni 0.5. Kama tarehe na saa zimo katika safu A, andika katika safu iliyo wazi:

=INT(A2-9/24-1/1440)

kisha uivute chini mpaka mwisho, na uweke safu hiyo katika umbo la tarehe. Maana yake ni hii: ondoa saa 9 na dakika 1, kisha tupa saa ubaki na tarehe. Mvua yote ya usiku ule itaandikwa Jumanne, siku ilipoanza siku ya mvua. Kama mashine yafuata wakati wa ulimwengu, andika 6 mahali pa 9. Ile dakika moja si pambo. Dataloga nyingi huandika saa ya mwisho wa kipindi: mstari wa 09:00 una mvua iliyonyesha kutoka 08:55 mpaka 09:00, nayo ni mali ya siku iliyokwisha. Bila ile dakika, programu ingeipeleka siku mpya. Chache huandika saa ya mwanzo wa kipindi, na kwa hizo dakika hiyo haihitajiki. Na kabla ya kulinganisha na kituo kingine, uliza kama wao huandika mvua katika siku iliyoanza au siku waliyosoma.

KUCHUJA KWA PROGRAMU

Kwanza fanya nakala ya faili, uiweke ile ya asili mahali pasipoguswa. Ile ya asili ni kama cheti cha shamba, haichorwi juu yake.

Fungua nakala, uweke kidole kwenye mstari wa majina ya safu, ubonyeze neno Data, kisha Filter. Vishale vidogo vitatokea juu ya kila safu. Kwa vishale hivyo waweza kuamuru: nionyeshe mistari ya Aprili tu, au mistari yenye mvua zaidi ya sifuri tu. Mistari mingine haipotei, imefichwa. Kuchuja huku ni rahisi, na mtoto wa shule aweza kukufundisha kwa nusu saa. Lakini kuna mitego mitatu ambayo mtoto huyo huenda asikwambie.

Wa kwanza ni tarehe ya mwisho. Ukiamuru kutoka 01/03/2024 mpaka 31/03/2024, programu huelewa 31/03/2024 kuwa usiku wa manane unaofungua siku hiyo. Mistari 287 iliyobaki ya tarehe 31 yaachwa nje. Kama mvua kubwa ya mwezi ilinyesha siku hiyo alasiri, mwezi wako umekuwa wa ukame. Amuru chini ya 01/04/2024, na siku yote itaingia.

Mtego wa pili ni jumla. Ukichuja mistari kisha ukaandika =SUM, programu hujumlisha yote, pamoja na ile iliyofichwa, na jibu huwa la mwaka mzima wala si la mwezi ulioutaka. Andika =SUBTOTAL(9,B2:B105121), ambayo huhesabu ile inayoonekana tu baada ya kuchuja. Hilo huwakosesha hata makarani wa miaka mingi.

Mtego wa tatu ni tarehe za Kimarekani. Wamarekani hutanguliza mwezi, sisi hutanguliza siku. Kompyuta iliyowekwa kwa desturi yao ikisoma 04/05/2024 huifanya Aprili 5, hali ni Mei 4. Ikifika 13/05/2024 haioni mwezi wa 13, basi huiacha kama maneno tu, na kichujio cha tarehe hakiioni. Dalili yake ni rahisi: tarehe za kweli huegemea upande wa kulia wa kisanduku, na zile zilizobaki maneno huegemea kushoto. Ukiona safu moja nusu kulia na nusu kushoto, simama. Kama mashine yakuruhusu kuchagua, ichague iandike mwaka kwanza, kama 2024-05-13, maana huo hauna mabishano.

Jedwali la Excel huishia mstari wa 1,048,576. Kwa mashine ya dakika 5 hiyo ni karibu miaka 10, lakini kwa mashine ya dakika 1 haifiki hata miaka 2. Wenye faili kubwa kuliko hizo hutumia programu kama R, ambayo ni ya bure, ila yataka kujifunza kwanza.

HESABU ZA UONGO NA HESABU ZA KWELI

Waya ukikatwa na panya, mashine nyingi huandika alama ya kosa, mara nyingi -9999. Binadamu aiona mara moja. Programu haioni. Chukua siku yenye mistari 288, mistari 287 yote ikiwa nyuzi 18, na mstari mmoja -9999. Wastani wa siku hiyo utatoka chini ya sifuri kwa nyuzi karibu 17. Kwa hiyo kabla ya kutafuta wastani wowote, chuja alama hizo zisiingie.

Lakini hapa ndipo watu wanapozidisha. Wakisha kuona hatari ya hesabu za uongo, huweka sheria kwamba kila joto lililo chini ya sifuri litupwe, na kila mvua iliyo kubwa mno itupwe. Sheria hiyo ni nyepesi kuandika, nayo yaweza kuficha jambo lile lile lililokufanya ununue mashine. Januari 2012 jalidi iliunguza chai katika sehemu za nyanda za juu magharibi ya Bonde la Ufa. Kutoka Machi mpaka Mei 2024 mvua kubwa zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za nchi. Kichujio kinachosema kwamba mambo makubwa hayatokei kingeifuta misiba yote miwili kwa mbofyo mmoja.

Badala ya kuuliza hesabu hii ni ndogo au kubwa kiasi gani, uliza imeandikwa saa ngapi, na majirani zake wasema nini. Baridi ya kweli huja polepole: 7, kisha 6, kisha 5, kisha 3, usiku usio na mawingu, mpaka mapambazuko. Baridi ya waya uliokatika huruka kutoka 16 mpaka -9 saa nane mchana, na baada ya dakika 5 imerudi 16. Mvua nayo ina tabia yake. Yaweza kweli kuruka kutoka sifuri mpaka milimita 6 kwa dakika 5, kwa hiyo usiihukumu kwa kuruka kwake. Tazama joto la saa hiyo, kwani mvua kubwa ya alasiri kwa kawaida huteremsha joto papo hapo. Mvua ya milimita 30 iliyonyesha huku joto likipanda na jua likiwaka si mvua.

Ni nini basi? Mara nyingi ni mtu. Kipimo cha mvua cha mashine hizi mara nyingi huwa na vijiko viwili vinavyopokezana, na kila kijiko kikijaa hupinduka na kuhesabiwa, kwa kawaida milimita 0.2. Fundi akija kujaribu, humimina maji. Kwenye faneli yenye upana wa sentimita 20, lita moja ya maji ni karibu milimita 32 za mvua. Fundi ameondoka, na faili yasema kwamba Februari kavu ilipata mvua ya kupandia! Mwingine husafisha kinyesi cha ndege na kuvitikisa vijiko mara tano, nayo ni milimita moja. Na faneli ikizibwa na majani, dhoruba ya nusu saa huandikwa kama manyunyu ya saa sita, kwa sababu maji hupenya tone kwa tone.

Ukitafuta usiku wa jalidi, usichuje kwa sifuri. Kipimo cha joto hukaa juu, mara nyingi karibu mita 2 kutoka chini, na usiku wa mbingu wazi majani hupoa kuliko hewa ya pale juu. Majani yaweza kuganda hali mashine yasema nyuzi 2 au 3. Mimi hutumia nyuzi 4 kushuka chini, pamoja na saa: kutoka 00:00 mpaka 07:00 za Kenya. Mistari itakayobaki itakuwa michache, na kila mmoja wastahili kutazamwa kwa macho.

Mistari uliyoishuku usiifute. Ongeza safu moja, uite Alama, uandike mbele ya kila mstari sababu yako: waya, fundi, faneli. Kisha chuja kwa safu hiyo. Mwaka ujao mtu mwingine ataweza kuona ulichoacha na kwa nini, na kama ulikosea aweza kukirudisha.

PALIPO KIMYA

Sifuri na kimya ni mambo mawili. Mstari wenye mvua 0.0 wasema kwamba mashine ilikuwa macho na hakukunyesha. Mstari usiokuwapo hausemi neno. Programu ikijumlisha, vyote viwili hutoa sifuri. Hesabu basi mistari ya kila siku kwa =COUNTIF. Siku yenye 288 ni kamili. Yenye 190 ina saa nane na zaidi za kimya, na huwezi kuiita siku kavu. Na siku yenye 576 imepakuliwa mara mbili, mvua yake imehesabiwa maradufu.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu siku hizi hesabu hizi hugeuka kuwa fedha. Mwaka 2009 mpango wa bima uitwao Kilimo Salama ulianza katika Laikipia. Vituo vya hewa vilipima mvua vyenyewe, na mkulima aliyestahili alilipwa kwa M-Pesa, bila mkaguzi kuja kutazama mahindi yake. Katika bima ya namna hiyo, kituo ndicho kinachosema. Milimita 32 za fundi zaweza kumnyima mkulima malipo ya ukame. Siku tatu za kimya zikihesabiwa sifuri zaweza kulipa pasipo na ukame, na mwaka unaofuata bei ya bima ikapanda kwa wote.

Hata asiye na bima hupanda kwa hesabu. Kipimo kimoja kinachotumiwa sana kwa mwanzo wa mvua ni milimita 20 katika siku mbili, zisifuatwe na kiangazi kirefu. Kwenye eka moja kila milimita ni lita zaidi ya 4,000 za maji. Mbegu za kununuliwa hazipandwi mara mbili kwa furaha.

Ukitaka kusaidiwa na ofisi ya kilimo ya sehemu yako, lete faili kama ilivyotoka kwenye mashine, ndani ya flashi, wala usiinakili kwa mkono. Lete pia daftari linaloonyesha siku kipimo kiliposafishwa, kilipojaribiwa kwa maji, betri ilipobadilishwa, na fundi alipokuja. Kama huna daftari hilo, nunua leo, lile la kurasa 32 latosha, ulitundike ndani ya nyumba iliyo karibu na mashine pamoja na kalamu. Kila aigusaye mashine aandike jina, tarehe na saa, na saa hiyo aiandike kwa namna ya mashine: 14:20, si saa nane na dakika ishirini.